Mhadhara Ulioisha kwa Wakati

Chuoni kwetu mhadhara ukinoga hatupigi makofi, tunagonga meza kwa vifundo vya vidole. Siku Bibi Swantje Ohlendorf alipowania kiti cha uprofesa, meza zilisubiri sana, maana kwanza walipigwa watu.

Miaka kumi na miwili alikuwa ameishi kwa mikataba mifupimifupi. Sheria yetu haina huruma: muda huo ukiisha hujapata uprofesa, unafungasha. Wake ulikuwa unaisha Septemba. Wa Burkhard Lüders vilevile, na kiti kilikuwa kimoja; kamati ilimpa kila mmoja nusu saa ya kuhadhiri, bila kuzidisha. Burkhard alikuwa ametoa mhadhara wake asubuhi, kuhusu simu za makamanda vitani. Nilihesabu miayo kumi na tisa kabla sijasinzia.

Swantje, aliyekuwa akinisimamia tasnifu yangu ya uzamivu, alichagua wasichana wa zama za babu zetu waliounganisha simu kwa mkono. Bwana mkubwa akizungusha mpini wa simu kwa hasira, umeme ulipita kwenye waya ukamchapa msichana sikioni. Alikuja na simu yenyewe, sanduku la mbao zito kama ndama, nyaya mbili tupu zikiwasha kibalbu kila mpini ukizungushwa.

Dakika ya ishirini Burkhard akasimama huko nyuma.

"Kumbe umbea wa vibinti nao ni historia siku hizi?"

"Kaa chini, Burkhard. Asubuhi umetulaza, sasa acha tuamke."

Ukumbi ukaangua kicheko. Hapo ndipo tulipoharibu.

Alishuka ngazi mbilimbili, akapiga meza teke, glasi ikapasuka. Akamkamata Swantje kisogoni, akamgonga uso kwenye mimbari. Nilisikia pua ikivunjika kama karoti. Nikamrukia, nikala kiwiko cha mdomo; jino langu likaenda zake. Swantje akamng'ata mkono hadi damu ikachuruzika. Burkhard akamwachia, akamtandika ngumi ya mbavu, kisha akazidaka zile nyaya mbili, kila mkono waya wake, azing'oe.

Swantje akazungusha mpini.

Umewahi kumwona msomi akicheza ngoma isiyokuwepo? Burkhard alilia kama mbuzi, viganja vimekaza, havifunguki. Swantje akazungusha tena. Na tena. Damu ilimdondokea kwenye blauzi.

"Walichapwa hivi," aliuambia ukumbi, "na walikatazwa kuinuka kitini."

Alipoacha, Burkhard akaporomoka kama gunia. Nikamkalia mgongoni.

Profesa Vagts, mwenyekiti wa kamati, muda wote huo alikuwa hajabandua macho kwenye saa.

"Bibi Ohlendorf, zimebaki dakika nne."

"Wee Hinnerk, una akili?" Profesa Thormählen, mwanamke mzee kuliko wote kwenye kamati, alimgeukia Vagts. "Mtu anavuja damu, wewe unamhesabia dakika?"

"Saa haikusimama. Akizidisha, Lüders atakata rufaa, na atashinda."

"Rufaa gani? Si huyo amekaliwa?"

"Naweza kukata rufaa nikiwa nimekaliwa," Burkhard akakoroma chini yangu.

Swantje alikuwa na kurasa tisa mkononi. Akazitazama, akamtazama Vagts aliyekwisha shika kengele. Miaka kumi na miwili, dakika nne. Akajaza karatasi laini puani, akasoma ukurasa mmoja kwa sauti ya bata. Mkono wa saa ulipokaribia mwisho, akazitupa nane zilizobaki sakafuni.

"Haya mengine mmeyaona wenyewe. Asanteni."

Kengele ikalia juu ya neno lake la mwisho.

Tuligonga meza hadi ngozi ikachubuka. Thormählen aligonga kwa kiatu. Halafu nikasikia kugonga kwingine, hafifu, chini yangu: mkono wa Burkhard ukigonga sakafu, mara mbili. Mazoea hayo.

"Nyamaza," nikamwambia, "polisi wanakuja."

Oktoba Swantje alikalia kiti, pua ikitazama kushoto. Vagts ndiye aliyeandika ripoti ya kamati. Kuhusu mchana ule ina mstari mmoja tu: mhadhara uliisha kwa wakati.