Ngoma Aliyoikatiza Mahbuba

Mahbuba alirudi kwa watu wake mwishoni mwa mwaka 1970, muuguzi kamili. Aliondoka Unguja akiwa msichana, kwenda kusoma Bulgaria. Mapinduzi yakatokea nyuma yake, baba akafariki, na waliobaki wakahamia Maskati. Nyumba yao ya huko, mtaa wa Darsait, ndiyo kwanza aione.

Siku ya kumtia hina mdogo wake, Kheiria, wanawake walijaa sebuleni. Mama yao, Bi Bakhita, akamtaka awaoneshe ngoma za huko. Mahbuba akawapanga mstari, wakashikana mikono. Alianza na ya Washopi, watu wa upande wa Sofia: miguu upesiupesi kama inayokanyaga makaa, mabega yakitetemeka. Walicheka mpaka mitandio ikawavuka. Ya Thrakia, upande wa kusini, waliiweza zaidi, maana huko hukunja magoti na kukanyaga kwa uzito.

Kheiria akauliza kama zimekwisha. Mahbuba alisema ipo ya milima ya Rodopi, ya taratibu, inayopigiwa zumari lenye kiriba cha ngozi ya mbuzi. Akaanza kuuvumisha wimbo wake. Hatua mbili tatu tu, akaiachia mikono ya watu, akaenda zake jikoni.

Bi Bakhita alimfuata.

"Hiyo alokufunza nani?"

"Asan. Tulisoma pamoja. Alitaka kunioa, nkamkatalia."

"Kwa nini?"

"Mzungu, mama. Nlijua hutomkubali."

"Asan ndo jina la kizungu?"

Mahbuba akamweleza kuwa watu wengi wa milima ile ni Waislamu tangu enzi za Waturuki, na nyanya yake Asan hakuwa akiacha sala.

Bi Bakhita alikaa kitako juu ya mbuzi ya kukunia nazi.

"Muislamu, mwanangu? Mbona hukunambia?"

 Siku zile mama yake alikuwa amepoteza mume, nyumba na nchi. Mahbuba aliona haya kumtwisha jambo la mkwe mgeni, akajikatia shauri peke yake.

"Muite basi," alisema Bi Bakhita. "Mie nna radhi."

"Keshaoa, mama. Mwaka jana, kijijini kwao. Nlikwenda. Nliicheza ngoma hii mpaka mwisho, nimeshikana mkono na biharusi."

Kheiria alitokeza mlangoni. Mama akamwashiria arudi. Kisha akamvuta Mahbuba kifuani. Siku ya harusi ya Asan Mahbuba hakulia. Alilia sasa, na mdogo wake akatiwa hina bila yeye.