Mguu wa Fundi

"Anza na kushoto, fundi," nilisema, na papo hapo nikajua nimekosea.

Tulikuwa chini ya ngazi ya mazoezi, ile ya mbao yenye vipandio vichache isiyokwenda popote, katika ukumbi wa wodi ya tiba ya viungo. Mkufunzi wetu alisimama dirishani na kalamu yake. Ulikuwa mtihani wangu wa vitendo, na nikifeli hapo ningerudia mwaka mzima. Fundi, seremala mstaafu, alikuwa amepigwa na kiharusi kilichoulegeza upande wake wa kushoto. Kanuni yenyewe hata mtoto anaiweza: wakati wa kupanda, mguu mzima hutangulia. Mguu wake mzima ulikuwa wa kulia.

Lakini nilikuwa nimefundisha dansi nusu ya maisha yangu. Mwalimu wa dansi huwakabili wanafunzi uso kwa uso, nao humfuata kama wanavyojiona kwenye kioo; kwa hiyo mguu wangu ukienda kulia, mdomo husema kushoto. Siku hiyo sikuwa mbele ya fundi. Nilikuwa ubavuni pake, tumeelekea upande mmoja, nimeshika mkanda uliofungwa kiunoni mwake. Mguu wangu wa kulia ulikwenda, mdomo ukasema ulichozoea.

Dansi niliiacha mwaka aliofariki mume wangu. Naye alipigwa na kiharusi. Mimi niliyezoea kubeba mtu mgongoni na kuzunguka naye jukwaani, nilishindwa kumgeuza yeye kitandani. Alikuja mama mmoja mnene wa tiba ya viungo akamgeuza taratibu, huku akimsimulia habari za mvua. Baada ya mazishi nilifunga studio nikaenda kuomba nafasi chuoni. Watu walidhani ni ushujaa. Ushujaa gani? Sikuwa nikihisi kitu, na mtu asiyehisi kitu anaweza kufanya lolote.

Wifi yangu alikuja kunionya. Samaki mkunje angali mbichi, alisema, nami nikamjibu kwamba kukunja ndiyo kazi iliyonilisha miaka yote. Alicheka mpaka akafuta machozi. Mimi nilimtazama tu. Hata msibani sikulia. Moyo ulikuwa umekufa ganzi, nami nikauzoea hivyo hivyo. Chuoni nilikariri mifupa na mishipa pamoja na watoto wa rika la binti yangu, nikafaulu kila somo. Wagonjwa niliwashika sawasawa, kwa kanuni, kama mtu anayepanga vyombo kabatini.

Fundi hakuwa mtu wa kubishana na mwalimu. Aliuinua ule mguu wa kushoto kwa shida, akauweka kwenye kipandio, akaukabidhi uzito wake wote. Goti likalegea.

Mkufunzi alikuja mbio, ila alikuwa mbali. Sikujaribu kumvuta fundi juu. Sikufikiri hata kidogo. Nilimkumbatia kifuani, nikalegeza magoti yangu, tukashuka pamoja, nyonga yangu kwanza, kisha kiwiko, kisha mgongo, kama nilivyowafundisha wasichana wengi kushuka bila kupigana na sakafu. Fundi alinilalia. Alikuwa mzito, ananukia sabuni, na moyo wake ulidunda kwenye mbavu zangu. Sikuwa nimelaliwa na uzito wa mtu kwa miaka.

Mkufunzi, kijana ambaye nje ya darasa huniita mama, aliuliza kama tumeumia. Tukasema hapana. Akatuambia kwa upole kwamba mtihani umeishia hapo, na kwamba fundi ataletewa mwanafunzi mwingine.

"Niachieni huyu huyu," fundi alisema, bado yuko juu yangu. "Mguu huu utanitupa tena tu. Nataka mtu anayejua kuanguka."

Nilifeli, na mwaka niliurudia. Lakini jioni ile, nikivua shati la sare, niliona kiwiko kimechunika. Kiliniuma. Niliketi ukingoni mwa kitanda, upande ambao haukuwa wangu, nikasikia sauti inatoka kifuani ambayo sikuitambua, na haikukoma.

Binti yangu alikuja mlangoni, mwiko mkononi, akauliza kuna nini.

"Baba yako amekufa," nikamwambia.

Aliuweka mwiko sakafuni, akaja kukaa karibu nami.