Kashinje Hakuungua

Tupokigwe alikuwa mwaka wa pili wa uuguzi alipopelekwa kwa mafunzo ya vitendo kwenye hospitali ndogo ya misheni, jirani na mji mdogo wa Mpemba. Ilikuwa Julai 2009, baridi imekaza. Mwezi wa tano alikuwa amemzika mama yake kule Isongole, akakaa matangani siku nne, kisha akarudi chuoni kuwahi mitihani. Tangu hapo hakuwa amelia. Alikula kwa sababu wenzake walikuwa wanakula, na alilala taa zilipozimwa. Walimu walimsifu kwamba ametulia.

Katika wodi ya wanawake alikabidhiwa mgonjwa aitwaye Kabula, mfugaji wa Kisukuma kutoka bonde la Momba. Sufuria la maji ya moto lilikuwa limemwagikia mguu wake wa kulia, ukaungua kuanzia pajani hadi kwenye kifundo. Mumewe, Kashinje, alilala kwenye banda la ndugu wa wagonjwa, na kila kulipokucha alikuja kukaa kwenye kigoda kando ya kitanda, fimbo yake ameilaza magotini.

Kabla ya kusafisha kidonda, Tupokigwe aliuliza kama alivyofundishwa.

"Mama, maumivu ya leo ukiyapa namba, kuanzia sifuri hadi kumi, ni ngapi?"

"Mbili," alijibu Kashinje.

Tupokigwe akaandika mbili. Mbili ilimaanisha vidonge viwili vya panadol, basi. Kisha alilowesha bandeji iliyogandamana na nyama, akaibandua polepole, akasafisha, akafunga upya. Kabula hakutoa hata sauti. Alitazama dari, midomo imekauka, jasho likimtiririka shingoni ingawa madirisha yalikuwa wazi na upepo wa asubuhi ukiingia. Jasho lile Tupokigwe aliliona. Aliliona kama mtu anavyoona lori likipita barabarani.

Siku kumi na moja zilipita hivyo. Kwenye karatasi ya maumivu palikuwa na mbili kumi na moja, zimepangana wima, kwa mwandiko mzuri.

Siku ya kumi na mbili Kashinje hakuwepo. Alikuwa ameletewa habari kwamba ng'ombe wake wameingia shamba la mtu, akadandia gari la alfajiri kurudi Momba. Tupokigwe alikuja na trei yake, akauliza lile swali huku, kwa mazoea, akikitazama kigoda. Kigoda kilikuwa kitupu. Akangoja.

"Leo unaniuliza mimi?" Kabula alisema. Kiswahili chake kilikuwa cha taratibu, neno moja moja, lakini kilieleweka.

"Nakuuliza kila siku, mama."

"Unamuuliza Kashinje. Kashinje hakuungua."

Tupokigwe aliweka trei juu ya kabati. Akakaa kwenye kigoda. Akauliza tena, safari hii bila namba.

"Mguu unauma vipi, mama?"

"Unawaka. Usiku siwezi kugeuka. Nikisikia kitoroli chenu cha dawa kinakuja, nashika chuma cha kitanda. Na mkiibandua bandeji, mimi naondoka. Nawaachia mguu, naenda mbali. Huko sisikii kitu. Shida ni kurudi."

Huko mbali Tupokigwe alikujua tangu matangani.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Tulipofika, mama mmoja alituambia wenye kelele wanapelekwa Mbeya kukatwa. Kashinje akaogopa."

"Hatukati mguu kwa sababu mtu amesema unauma."

"Nani alituambia hivyo?"

Hakuna aliyewaambia. Tupokigwe alisimama, akaenda kwa Sista Jenista, msimamizi wa wodi, aliyekuwa akihesabu sindano.

"Sista, yule wa kitanda cha sita anaumwa sana. Anahitaji dawa ya nguvu kabla sijamgusa."

"Chati inasema mbili."

"Niliandika mimi. Nilikuwa namuuliza mumewe."

Sista Jenista alimtazama. "Siku ngapi?"

"Kumi na moja."

"Na uso wake hukuuona?"

"Niliuona."

Sista hakufoka. Alimwita daktari, akafungua kabati la dawa kali lenye kufuli mbili, na mwenyewe akamchoma Kabula sindano ya pethidini ya kutuliza maumivu. "Ngoja nusu saa," alisema. "Ukae naye."

Nusu saa ile Tupokigwe alikaa. Macho ya Kabula yalilegea, mabega yakashuka. Bandeji ilipoanza kubanduliwa, hakutazama dari. Alitazama mguu wake, akasema "Aa!" kwa sauti, akasema tena, mpaka wagonjwa wa vitanda vya jirani wakageuka. Tupokigwe alisimamisha mkono kila aliposikia sauti hiyo, akaendelea alipoambiwa endelea. Kazi ya dakika kumi na tano ilichukua karibu saa nzima.

Baadaye alinawa mikono, akasimama pale bombani akingoja hisia yoyote ije, aibu au huruma. Haikuja. Akafunga bomba.

Kashinje aliporudi, siku ya tatu tangu aondoke, Tupokigwe alimweleza kwamba mguu haukatwi kwa sababu ya kelele. Mzee aliinamisha kichwa.

"Nilidhani namkinga," alisema.

"Najua, baba. Lakini kuanzia sasa atajibu mwenyewe."

Kwenye daftari lake la mafunzo aliandika habari yote ilivyokuwa, na kwamba kwa siku kumi na moja mgonjwa hakuulizwa. Mwalimu wa chuo alimpa alama za chini kabisa kwa mgonjwa huyo. Hakubisha. Kabula alikaa wiki tano nyingine, akatoka akichechemea, mumewe amembebea mkeka. Kitanda cha sita kikatandikwa shuka safi, na kabla ya saa sita akalazwa bibi mmoja kutoka Ileje, amevunjika nyonga, mwanawe amesimama pembeni tayari kujibu. Tupokigwe alimwomba mwana asubiri nje kidogo, akavuta kigoda, akamsalimu bibi kwa Kindali, lugha ya kwao wote wawili, na kumuuliza.