Kiingereza cha Watalii

Kiingereza cha Éphraïm kilitoka kwenye vitabu vya watalii, vile ambavyo wageni wachache walioshuka treni mjini Kamina walimwachia. Alivikariri hata akawa anaongea kama vyenyewe. Barabara mbovu ya Kabondo-Dianda aliiita safari isiyosahaulika, na majirani zake aliwaita wenyeji wakarimu. Mjini hakuna aliyemfikia kwa Kiingereza, naye alijua hivyo.

Jumamosi moja alimtembeza sokoni mgeni wa kike kutoka Ireland. Kwenye meza za samaki wa kukaushwa akakutana uso kwa uso na mama yake, Kyabu, ambaye siku hiyo alimshikia dada yake meza. Alikuwa peku, kikwembe alichojitanda kimechanika begani, na alipomwona mwanawe alicheka meno yote nje.

"Huyu ni nani?" mgeni aliuliza kwa Kiingereza.

Éphraïm akatazama kile kikwembe. "Mwenyeji tu," akajibu kwa Kiingereza chake safi. "Wanawake wa hapa maisha yao ni duni, hawajui mengi, lakini daima wanatabasamu. Mpige picha, hatakataa."

"Unamuambia nini?" Kyabu aliuliza. "Umemuambia minyi njo mama yako?"

"Ndiyo, mama."

Mgeni akashusha kamera. Aliwahi kuwa muuguzi Kigoma miaka kadhaa. "Hapana, mama," akasema kwa Kiswahili. "Hakuniambia hivyo."

"Sasa alisema nini?"

Mgeni akamgeukia Éphraïm, akamwachia ajibu mwenyewe. Kwa Kiingereza maneno yale yalikuwa yameteleza vizuri. Sasa ilimbidi ayaseme kwa lugha ya mama yake.

"Nimesema… uko muntu wa hapa tu. Bamama ba hapa hawajue mingi. Banachekaka tu."

Kyabu akaufunika mdomo wake kwa kiganja. Kisha akafuta kigoda kwa ncha ya kikwembe, akamsogezea mgeni.

"Ikala, mama. Huyu minyi njo nilimuzala." Akamtazama mwanawe. "Na ile Anglais yake, ile Kingereza, anaisemaka muzuri?"

"Vizuri sana," mgeni akajibu polepole.

"Aya," Kyabu akasema, akageuka kumhudumia mteja.

Éphraïm alimtembeza mgeni mpaka jua likawa kali. Walipopita kanisani, mgeni akauliza kanisa lilijengwa lini. Éphraïm alijua, lakini hakuthubutu kufungua kinywa, kwa Kiingereza wala kwa Kiswahili.