Tabaka la Tatu

Mimi ni mkunga. Kazi yangu ni kutoa watoto, si kubandika vitu, na mambo ya sanaa siyajui. Kwenye ule ukumbi wa maonyesho nilifuata kitu kimoja tu: cheti changu cha chuo cha ukunga. Jumatatu ofisi inataka cheti halisi, si nakala, la sivyo usimamizi wa wodi ya wazazi anapewa mwingine. Miaka kumi na tisa nimeungoja! Nimepekua kabati, nimeinua godoro, hadi mama akasema huku akikwepa macho yangu, "Hebu muulize mdogo wako. Alikuja kuchukua makaratasi ya zamani."

Mdogo wangu ni msanii. Anabandika gunia, juu yake gazeti, juu yake vifungo na wavu wa mbu, halafu anapaka rangi. Nilimkuta amevaa kofia ya sufu na joto lote lile, amesimama kando ya ubao mkubwa kama mlango. Sijafungua mdomo, Mchambuzi akaanza. Huyo ndiye bwana anayelipwa kuwaeleza watu wanachokiona.

"Msitafute maana," aliwaambia wageni, akinyoosha kalamu. "Tazameni umbo. Tabaka la kwanza, gunia: mistari ya wima. La pili, gazeti: mistari ya mlalo. La tatu..."

"La tatu ni nini?" nikadakia.

"Karatasi nzito, ya kiofisi, yenye mhuri wa buluu."

Chuo chetu mhuri wake ni wa buluu.

"Imebandikwa kwa gundi gani? Ya maji au ya mbao?"

"Mnasikia?" Mchambuzi alifurahi utadhani kapata mtoto. "Mama huyu anauliza swali la muundo! Ninyi tangu asubuhi mnaniuliza choo kiko wapi."

Nikasogea mpaka pua ikagusa wavu. Mhuri ule pale. Sahihi ya mkuu wa chuo ile pale. Gundi ya maji, ukiilowesha inabanduka. Nikamshukuru Mungu. Kisha nikaona katikati ya karatasi pamekatwa kwa wembe, pamenyooka kabisa.

"Hapo sasa!" akasema Mchambuzi. "Pengo la mstatili. Kazi yote imeegemea hapo."

"Hapo palikuwa na jina langu," nikasema.

Mdogo wangu akaniinamia sikioni. "Dada, usinikasirikie. Jina lilikuwa linavuta jicho mno. Nikalikata."

"Liko wapi?"

"Lilikwenda na takataka."

Kweli kikulacho ki nguoni mwako. Nikatazama kona ya chini, kulia. Jina lake yeye lilikuwepo, la rangi nyekundu, kila herufi kubwa kama yai.

"Na hili lako halivuti jicho?"

Mchambuzi akamjibia, "Hilo linashikilia kona, mama."

Hapo uchungu ukanizidi. Nikalia mbele za watu, machozi na kamasi, miaka kumi na tisa yote. Mchambuzi akawageukia wageni, akashusha sauti kwa heshima.

"Mnaona? Umbo likikaa sawasawa, hata asiyejua sanaa hulia."