Nyasi Zilizobaki Kwenye Ramani

Maziwa yaligonga chini ya ndoo, ti, ti, ti, kama paa linalovuja. Ng'ombe akiwa ameshiba, sauti hiyo hudumu kidogo tu, kisha povu huimeza. Alfajiri ile haikumezwa. Nilikamua mpaka vidole vikafa ganzi, na nilichopata hakikujaza kikombe.

Mume wangu Maduhu hana meno. Anaishi kwa uji na maziwa. Aliniuliza kutoka ndani, "Leo vipi?"

"Kama jana."

"Basi mpeleke huyo ng'ombe akale ramani. Si inasema kuna nyasi?"

Nilicheka, ingawa nilikuwa na hasira.

Mwisho wa kiangazi, moto wa warina asali ulitoka upande wa Kharumwa ukapita kijijini kwetu. Ulikula ngitili nyingi, yale maeneo ya nyasi ambayo kila familia huyafunga mvua zikiisha ili mifugo ipate chakula wakati wa ukavu. Yetu iliungua yote. Migunga ilibaki imesimama, imebabuka miguuni tu, lakini chini yake hapakubaki hata jani la kufungia mboga.

Mwaka uliopita watu walidanganya kwamba wameunguliwa ili waingize mifugo kwenye ngitili ya kijiji. Kwa hiyo safari hii mkutano uliamua kwamba ramani ndiyo itakayosema nani ameungua, na hakuna kubishana. Hata mimi nilinyoosha mkono. Kijana wa mradi mmoja kutoka Geita, anaitwa Cornel, akaitengeneza kwa rada ya setilaiti.

Walioungua walipakwa rangi nyekundu wakapewa nafasi kwenye ngitili ya kijiji. Sisi tulipakwa kijani. Kijani, na mimi kila upepo ukivuma nafagia majivu mlangoni. Nilikwenda kwa mwenyekiti wetu, Magesa, akasema nisubiri. Nikarudi, akasema mkutano ulishapitisha. Nikamwomba aje tu aone kwa macho yake. Akasema akija kwangu itambidi aende kwa wote.

Basi asubuhi hiyo, kikombe cha maziwa kikiwa bado mkononi, nikamwona Bujiku, jirani yetu wa ng'ambo ya korongo, anakuja anaswaga dume lake.

"Shikamoo, mayu," alisema, akiniita mama kwa Kisukuma.

"Marahaba. Na huyo?"

"Nimetumwa na ramani. Ng'ombe wangu wanne wameingia ngitili ya kijiji, huyu wa tano amekosa nafasi. Mwenyekiti kasema nyie kijani mpokee mmoja mmoja."

Nilimwonyesha ngitili yetu kwa kidevu. Alitembea mpaka katikati ya migunga, majivu yakimpanda miguuni, akayageuza kwa fimbo yake. Aliporudi alilifunga dume lake mbali kabisa na mabua machache niliyomwekea ng'ombe wangu. Niliona alivyofanya.

"Nisubirini," alisema, akaondoka.

Alirudi na Magesa, na nyuma yao Cornel, ambaye siku hiyo alikuwa kijijini. Kijana alinisalimia, kisha akapiga magoti kwenye majivu na suruali yake safi, akachimbua mizizi kwa vidole.

"Imeungua, bibi," alisema taratibu. "Imeungua kabisa."

"Sasa hicho chombo chako kiliona nini?"

"Siku zile kulikuwa na moshi na mawingu, picha za kawaida hazikuona kitu. Rada inapenya moshi. Lakini haioni rangi wala majivu. Inatuma mawimbi, yanagonga kilichopo, yanarudi. Hapa yaligonga miti, na miti ipo. Halafu ile mvua moja iliyonyesha ikalowesha udongo kabla ya picha ya pili, ile ya baada ya moto. Udongo ukilowa, mawimbi yanarudi na nguvu, kama vile majani yapo. Kwa Bujiku hakuna miti ya kuongezea, ndiyo maana kuungua kwake kulionekana."

"Kwa hiyo tumeponzwa na kutokata miti," Maduhu alisema. Alikuwa ametoka na kigoda chake.

"Ndiyo, babu. Nilitakiwa nipite kwanza kukagua. Nilisema mkutanoni kwamba ramani ni ya majaribio."

"Ulisema," Magesa alimjibu, "ila ulisema kwa sauti ya kuomba chumvi."

"Basi ibadilishe," nilisema.

Cornel alitazama chini. Alisema atapeleka picha ofisini, wataipima upya ngitili yetu setilaiti itakapopita wiki ijayo, ndipo ramani nyingine itoke.

Nilimgeukia Magesa. "Mwenyekiti, umesimama kwenye majivu."

"Naona, Mama Abel. Nikikuingiza wewe bila ramani, kesho nusu ya kijiji iko mlangoni kwangu. Unawajua."

Nawajua, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Hapakuwa na mtu mbaya wa kumlaumu. Kila mmoja alikuwa na sababu yake, na ng'ombe wangu alikuwa na mbavu zake.

Bujiku alikohoa. "Mwenyekiti, mimi nina nafasi ngapi?"

"Nne."

"Namtoa mmoja wangu. Yeye na hili dume watakwenda kwa shemeji yangu Kharumwa, kwake moto haukufika. Nafasi yake namwingiza huyu mwekundu wa mayu."

Magesa alimtazama ng'ombe wangu, akalitazama dume, akavua kofia akajikuna.

"Niliandika nafasi nne," alisema. "Rangi ya ng'ombe sikuandika."

Bujiku akafungua kamba ya ng'ombe wangu. Ndama wake anayenyonya alifuata bila kuswagwa. Kila asubuhi, aliniambia, atakamua aniletee.

Cornel alibaki nyuma akipiga picha zake. Nilimpa maji anawe mikono, maana hasira yangu ilikuwa na ramani, si na yeye. Alipokuwa anaaga, Maduhu alimshika mkono hakumwachia.

"Wiki ijayo chombo chako kikipita huko juu," alisema, "na wewe pita hapa. Uje tena, mwanangu. Ukae, tuzungumze."