Picha Bila Mkono Haikubaliki

Kihara hakujiunga na lile kundi la WhatsApp la wakulima wa viazi, alitiwa. Bintiye Kimberly, mvuna maua huko Karagita, alikuja nyumbani Dundori Jumapili moja, akaichukua simu ya babake, akabonyeza hapa na pale. "Baba, hapa watu wanafundishana. Sikiza tu."

Akasikiza. Kusoma kulimchosha, kwani shule aliiacha darasa la nne, lakini sauti zilimfikia vizuri. Watu mia na kitu, hakuna hata mmoja aliyewahi kuketi naye. Mwalimu alikuwa mkulima wa Olenguruone, Jerotich, na sheria yake ilikuwa moja: picha ya shamba bila mkono wako ndani haikubaliki. Kuna waliokuwa wakiokota picha za mashamba ya wenyewe mtandaoni na kujisifu nazo.

"Kundi likihitaji sheria ya waongo, basi lina waongo," Kihara alijiambia.

Alikuwa na sababu. Mkewe Milcah alifia kwenye benchi ya hospitali wakimngoja mkubwa mwenye ufunguo wa chumba cha mashine, na mkubwa alikuwa semina. Mwaka uliopita afisa wa kilimo akasimama kando ya shamba, akatangaza mbele ya majirani kuwa viazi vya Kihara vinaumwa, akaingia gari, hajaonekana tena. Wanunuzi nao wakapotea. Wakubwa ndio hao: wakija wanakuumbua, wakiitwa hawaji.

Sasa mvua ilikuwa imeshika na stoo kulikuwa na mbegu, kizazi cha zile alizozichagua Milcah kwa mkono wake. Kihara alitaka kuzipanda shamba la juu, udongo usiowahi kuugua. Lakini shamba la chini, lenye mbegu hizohizo, lilikuwa linalegea kila mchana ilhali chini kuna maji. Kama ni mnyauko, ugonjwa unaobaki udongoni, akizipanda juu atakuwa ameliua shamba hilo kwa miaka.

Aulize kundini? Kwanza awapime. Akashika jani la ndulele, gugu la miiba, kwenye ua, akalipiga picha, mkono ndani, akarekodi, akiviita viazi waru kama kwao: "Waru yangu imekuwa hivi. Ni nini?"

Wakaja mbio. Makokha wa Njoro akamwambia anyunyize dawa mara mbili kwa wiki. Sitati akasema ni mbolea imepungua. Kihara akacheka peke yake.

Ndipo Jerotich akatuma sauti. "Mzee Kihara, waru imeanza kuota miiba lini? Hiyo ni ndulele. Unatupima, eh? Makokha umempata. Sasa tuonyeshe ile inakusumbua."

"Mzee umeniweza!" Makokha akadakia. "Lakini hiyo ndulele ikipona, uniambie."

Aibu ilimpanda Kihara, na shaka ikapanda juu ya aibu. Huyu mwanamke amejuaje kuna nyingine? Akampigia.

"Wewe unafanyia nani kazi?"

"Jembe, mzee."

"Nikikuonyesha ugonjwa, utaita nani?"

"Nimwite nani? Hao wakubwa nikiwapigia hawashiki simu. Nitakwambia usipande. Basi."

"Kila mtu husema hivyo."

"Ngoja."

Akamtumia picha ya mahindi, mkono wake umeshika bua. "Hapo palikuwa na waru," akasema. "Nilikata shina, nikaliweka kwa glasi ya maji, likatoa uzi mweupe kama maziwa. Huo ndio mnyauko. Mwaka wa tatu huu sijapanda waru hapo."

Kihara akaikuza picha akitafuta uongo. Alichokuta ni kucha zilizovunjika, udongo umeingia hadi kwenye nyama. Kucha za ofisi haziko hivyo. Hilo akalikubali, mengine akayaweka kando.

Saa sita mchana aling'oa mmea uliolegea, akalikata shina karibu na mizizi, akaichovya ncha yake kwenye glasi ya maji. Akasimama akiomba maji yabaki maji. Hayakubaki. Uzi mweupe ulishuka polepole, kama moshi uliosahau njia ya juu.

Angeweza kuyamwaga na kupanda. Nani angejua? Udongo ungejua. Akaweka mkono nyuma ya glasi, akapiga picha, akaituma kundini.

Kundi likanyamaza. Dakika tano, kumi. Hata Makokha, asiyejua kunyamaza.

"Wameenda kumwita afisa," Kihara akasema kwa sauti, akatoka kwenda kufunga lango kwa mnyororo.

Aliporudi simu ilikuwa imejaa. Kwanza Sitati: glasi, maji yenye maziwa, mkono. "Hii ni yangu ya mwezi uliopita. Niliogopa kuituma." Kisha mama mmoja wa Bahati, Nerima, na glasi yake. Kisha Makokha mwenyewe, glasi nyeupe kuliko zote. "Wazee, ile dawa yangu haifanyi kazi," akakiri.

Kihara akaikuza kila picha, mkono baada ya mkono. Hakuwaamini wote, Makokha hasa. Lakini alizivuta mbegu za Milcah kutoka stoo, gunia kwa gunia, akazimwaga jikoni kando ya sufuria kubwa. Zitaliwa. Hazitapandwa.

Kisha akarekodi: "Mimi ni Kihara wa Dundori. Shamba la juu liko wazi na mvua inapita. Nani ana mbegu safi? Na asinitumie picha. Aniambie anakaa wapi, nije nichimbe mwenyewe nione."